Mvuke wa Olkaria na Kiota cha Dinosaria

Kusini mwa Ziwa Naivasha ardhi ina joto lake yenyewe. Mvuke hufuka kwenye nyufa za mawe ya Olkaria, mabomba ya umeme wa jotoardhi yanapanda na kushuka vilima, na kuna sehemu ambazo udongo huwa moto hata alfajiri ya Julai, wakati baridi ya Naivasha inawalazimu watu kujifunika blanketi mbili. Visima vya kwanza vya majaribio vilichimbwa hapa kuanzia mwaka 1956, na mtambo wa kwanza ukaanza kuzalisha umeme mwaka 1981. Tangu hapo, ukitaja Olkaria Mkenya hufikiria stima.

Joto la namna hii liliwahi kutumiwa kwa kazi nyingine. Huko Sanagasta, katika jimbo la La Rioja nchini Argentina, dinosaria wa shingo ndefu walikuwa wakirudi tena na tena kutaga kando ya chemchemi za maji moto, zama za Kretasia. Gerald Grellet-Tinner na Lucas Fiorelli waliutangaza ugunduzi huo mwaka 2010. Walikuta makundi takriban 80 ya mayai, mengine yakiwa mita chache tu kutoka mahali mvuke ulipokuwa ukitokea. Ganda la mayai hayo lilikuwa nene ajabu, karibu milimita 8, ilhali ganda la yai la kuku halifiki hata nusu milimita. Maelezo yao ni kwamba maji yenye asidi yalilila ganda polepole kwa nje, na yai lilihitaji unene huo ili mtoto aweze kukua salama hadi siku ya kutoka. Ardhi ndiyo iliyoatamia. Ndege wachache hufanya hivyo hadi leo: maleo wa kisiwa cha Sulawesi, Indonesia, hufukia yai lake kwenye mchanga unaopashwa joto na volkano, kisha huondoka na kuliacha.

Je, Bonde la Ufa, lenye mvuke, maziwa ya magadi na majivu ya volkano kutoka Suswa hadi Menengai, linaweza siku moja kutoa dinosaria mpya pamoja na mayai yake?

Kwa Olkaria, jibu ni hapana, na sababu yake inaeleweka vizuri. Lakini swali halifi hapo. Afrika Mashariki ina miamba ya umri unaofaa, na spishi mpya za dinosaria zimepewa majina kutoka Tanzania katika miaka ya karibuni. Jambo linalorudisha nyuma kazi ya kutafuta mayai ni uchache wa watu waliofunzwa na kulipwa kutafuta vitu vidogo. Huo ndio msimamo wa makala haya, na ushahidi wake unaanzia kwenye umri wa mawe.

Dinosaria wote wasio ndege walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Olkaria ni changa mno kwao. Lava ya Ololbutot, ile nyeusi inayoonekana karibu na mitambo, ilimwagika karne chache tu zilizopita. Korongo la Hell's Gate lilichongwa na maji ya Ziwa Naivasha, wakati ziwa hilo lilipokuwa kubwa na kufurika kuelekea kusini, baada ya zama za barafu kwisha. Hata kwenda chini hakusaidii. Visima vya siku hizi hufika kilomita 3, na wanajiolojia huchunguza vipande vya mwamba vinavyoletwa juu wakati wa kuchimba. Vipande hivyo ni trakiti, rayoliti, basalti na tufu, yaani mawe ya volkano kutoka juu hadi chini, na ya kale zaidi kati yake yana umri wa miaka milioni chache tu. Mtu akishuka kilomita 3 chini ya Olkaria atakuwa bado hajakaribia zama za dinosaria.

Chanzo ni jinsi bonde lilivyoumbika. Sakafu ya bonde la kati ilididimia huku volkano zikiijaza, tabaka juu ya tabaka, kwa mamilioni ya miaka. Miamba ya kale imefunikwa kwa kina ambacho hakuna mchimbaji wa visukuku atakayekifikia. Ndiyo maana hazina ya eneo hili ni ya zama za karibu: mabaki ya Orrorin tugenensis wa Vilima vya Tugen huko Baringo, yaliyopatikana mwaka 2000, ambaye aliishi takriban miaka milioni 6 iliyopita; mashoka ya mawe ya Kariandusi karibu na Gilgil; zana za mawe ya kioo zilizoachwa katika Pango la Gamble. Kwa mtafiti wa binadamu hayo ni mambo ya kale sana. Kwa mtafiti wa dinosaria ni ya juzi.

Hata hivyo mayai yapo.

Wataalamu wa leo hawaishii kusema kwamba ndege wametokana na dinosaria. Wanawahesabu ndege kuwa ni tawi la dinosaria lililonusurika. Kwa hesabu hiyo, kaunti ya Nakuru ina viota vya dinosaria kila upande: tumbusi kwenye majabali ya Hell's Gate, mwari kwenye visiwa vya Ziwa Elmenteita, na mbuni wa nyika anayekwangua mchanga na kutaga yai zito kuliko la ndege yeyote mwingine aliye hai. Ganda la yai la mbuni ndilo linalounganisha bonde hili na swali letu kwa ushahidi unaoshikika mkononi.

Katika pango la Enkapune ya Muto, kwenye ukingo wa Mau magharibi mwa Naivasha, Stanley Ambrose alipata shanga zilizotengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni, zenye umri wa takriban miaka 40,000. Alizitangaza mwaka 1998, na ni miongoni mwa mapambo ya kale zaidi ya aina hiyo yanayojulikana. Baadaye Jennifer Miller na Yiming Wang walipima shanga zaidi ya 1,500 kutoka maeneo 31 ya mashariki na kusini mwa Afrika. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2022, walionyesha kwamba watu wa pande hizo mbili walikuwa wakitengeneza shanga za mtindo mmoja miaka 50,000 iliyopita, kisha mawasiliano yakakatika. Habari zote hizo zimetoka kwenye vipande vya ganda ambavyo mtu angeweza kuvikanyaga bila kuviona.

Laetoli, kaskazini mwa Tanzania, inatoa mfano unaokaribia zaidi. Watu wengi wanaijua kwa nyayo zilizotambuliwa na kikosi cha Mary Leakey mwaka 1978, nyayo za viumbe waliotembea wima kwenye majivu ya volkano miaka milioni 3.66 iliyopita. Majivu hayohayo yalihifadhi mayai. Mwaka 2005 Terry Harrison na Charles Msuya walichapisha uchunguzi wa maganda ya mayai ya mbuni kutoka hapo, na katika tabaka za chini wakatambua spishi ambayo haikuwa imejulikana, wakaiita Struthio kakesiensis kwa jina la eneo la Kakesio. Hawakuwa na fuvu wala mguu wake. Walichokuwa nacho ni vitundu. Ganda la yai lina matundu madogo ya kupitishia hewa kwa mtoto aliye ndani, na mpangilio wa matundu hayo hutofautiana kati ya aina moja ya mbuni na nyingine. Kwa hiyo, katika Afrika Mashariki, kiumbe wa ukoo wa dinosaria amekwisha kupewa jina kwa sababu ya mayai yake. Jambo hili linastahili kutajwa katika vitabu vya shule vya Kenya na Tanzania, kwa sababu ni somo zuri la jinsi sayansi inavyofanya kazi kwa ushahidi kidogo.

Kemia ya mahali nayo ina kauli yake. Ganda la yai ni kalisi kaboneti, kiini kilekile cha chokaa. Udongo wenye asidi hulila kabla haujaugusa mfupa. Udongo au majivu yenye kalisi nyingi hulilinda, na Laetoli ni ya aina hiyo. Eneo linaweza kutoa mifupa tani kwa tani bila kutoa hata yai moja, na lingine likatoa mayai bila mifupa.

Ugumu mkubwa zaidi ni kujua yai ni la nani. Mwaka 1923 msafara wa Makumbusho ya Historia ya Asili ya Marekani, ukiongozwa na Roy Chapman Andrews, ulikuta huko Mongolia mifupa ya dinosaria mdogo juu ya rundo la mayai. Kwa kuwa mifupa ya Protoceratops ilijaa pale, mayai yakadhaniwa kuwa yake, na yule mdogo akahukumiwa kuwa amefia wizini. Mwaka uliofuata Henry Fairfield Osborn alimpa jina la Oviraptor, mnyang'anyi wa mayai. Ilipita miaka 70. Mwaka 1993 Mark Norell na wenzake walipata, pia Mongolia, yai la namna ileile likiwa na kiinitete ndani, na kiinitete kile kilikuwa cha ukoo wa Oviraptor wenyewe. Visukuku vingine vikaonyesha wanyama wa ukoo huo wamekalia mayai yao huku mikono imeyakumbatia pande zote. Aliyeitwa mwizi alikuwa mzazi. Kanuni za kutaja majina ya wanyama haziruhusu jina kufutwa kwa sababu lina maana isiyo ya haki, kwa hiyo Oviraptor ameendelea kulibeba.

Tangu hapo wataalamu wamekuwa waangalifu. Mayai hupewa majina yake ya kisayansi, tofauti na majina ya mifupa, hadi ushahidi upatikane: kiinitete ndani ya yai, mzazi juu ya kiota, au yai ndani ya nyonga za mama. Ushahidi wa namna hiyo ni adimu. Ndiyo maana spishi mpya kupatikana pamoja na viota vyake huwa tukio kubwa. Mwaka 1978, jimboni Montana, Marekani, Marion Brandvold, mwenye duka la mawe na visukuku, aliwaonyesha Jack Horner na Bob Makela mifupa midogo aliyokuwa ameihifadhi ndani ya mkebe wa kahawa. Ilikuwa mifupa ya watoto. Mahali ilipotoka palikuwa na kiota, na mwaka 1979 Horner na Makela wakamtangaza Maiasaura, dinosaria mpya ambaye watoto wake walikuwa wakikaa kiotani baada ya kuanguliwa. Ufunguo wa ugunduzi ule ulikuwa mwanamke aliyejali vipande vidogo.

Barani Afrika mfano bora uko kusini. Mwaka 1976 James Kitching alipata mayai kadhaa mahali mwamba ulipokatwa kwa ajili ya barabara, katika Hifadhi ya Golden Gate Highlands, Afrika Kusini. Yalikaa karibu miaka 30 kabla ya viinitete vilivyomo kusafishwa chini ya hadubini na kutangazwa na Robert Reisz na wenzake mwaka 2005. Vilikuwa vya Massospondylus, wa miaka milioni 190 iliyopita, na ni kati ya viinitete vya kale zaidi vya dinosaria vinavyojulikana. Timu hiyo ilirudi kwenye mwamba uleule, na mwaka 2012 ikaeleza kwamba pana viota visivyopungua 10, kimoja kikiwa na mayai 34. Mwamba haukuwa umebadilika tangu mwaka 1976. Walichokuja nacho wale waliorudi ni muda na fedha za kutazama.

Sasa turudi nyumbani, kwenye mifupa isiyo na mayai.

Mwaka 1906 mhandisi wa madini Bernhard Wilhelm Sattler alikuta mfupa mkubwa umechomoza njiani karibu na kilima cha Tendaguru, Lindi. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani waliendesha pale mojawapo ya kazi kubwa zaidi za kuchimba dinosaria kuwahi kufanyika duniani, chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig, na baadaye Hans Reck. Mamia ya wafanyakazi Waafrika walichimba, wakafunga mifupa na kuibeba vichwani na mabegani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu kabla, na kusini yote ilikuwa bado na majeraha ya njaa. Zaidi ya tani 200 zilikwenda Berlin. Mjusi mkubwa kuliko wote, anayeitwa Giraffatitan siku hizi, alisimamishwa huko mwaka 1937, na kimo chake sasa ni mita 13.27. Msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu ambaye ujuzi wake ulisifiwa na Wajerumani wenyewe. Jina lake liliingia katika orodha ya sayansi mwaka 2007, wakati Kristian Remes alipomwita dinosaria mmoja wa Tendaguru Australodocus bohetii. Karibu karne nzima ilikuwa imepita, na hilo halina udhuru.

Baada ya Wajerumani wakaja Waingereza, kuanzia 1924 hadi 1931. Miongoni mwa watu wa kwanza wa msafara huo alikuwa kijana mzaliwa wa Kabete, Louis Leakey, aliyekuwa ameacha masomo ya Cambridge kwa muda baada ya kuumia kichwa katika mchezo wa raga. Kiongozi wake, William Cutler, alifariki kwa malaria huko Lindi mwaka 1925. Leakey yeye alirudi chuoni, akamaliza, na mwaka 1926 alikuwa Nakuru na Elmenteita akitafuta mabaki ya watu wa kale. Hans Reck naye alitoka Tendaguru mwaka 1913 akaenda Olduvai, na mwaka 1931 wawili hao walikuwa pamoja Olduvai. Kila mmoja alianza na dinosaria akaishia na binadamu. Njia yao ndiyo iliyokuja kuwa njia ya utafiti wote wa visukuku katika Afrika Mashariki: fedha, mafunzo na sifa vilikwenda kwenye asili ya mtu.

Matunda ya njia hiyo ni makubwa na hayafai kudharauliwa. Yamezaa pia mafundi wa kutazama. Kamoya Kimeu, aliyefariki mwaka 2022, ndiye aliyeona kipande kidogo cha fuvu kule Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, mwaka 1984, kikiwa na rangi karibu sawa na kokoto zilizokizunguka. Kipande hicho kilifungua njia ya kupatikana kwa Mvulana wa Turkana, mifupa iliyokaribia kukamilika ya kijana wa miaka milioni 1.5 iliyopita. Mtu mwenye jicho hilo angeweza kuona ganda la yai. Kazi aliyopewa ilikuwa nyingine.

Je, Tendaguru kungeweza kuwa na mayai? Swali lina pande mbili. Miamba yake iliumbwa karibu na bahari, kwenye maji ya pwani na fukwe zilizofunikwa na kufunuliwa na mawimbi, mahali ambapo mizoga hukusanyika kuliko mahali pa kutagia. Na mayai ya dinosaria wengine hayakuwa na ganda gumu. Mwaka 2020 Norell na wenzake walionyesha kwamba mayai ya Protoceratops wa Mongolia na Mussaurus wa Argentina yalikuwa na ngozi laini, kama ya mayai ya kasa, na kwamba ganda gumu lilizuka baadaye, angalau mara tatu, katika koo tofauti. Yai laini huoza haraka. Kentrosaurus, yule wa Tendaguru mwenye miiba mgongoni, ni wa kundi ambalo mayai yake hayajatambuliwa kwa uhakika popote duniani, na pengine sababu ni hiyo.

Tumaini la kweli liko kwa ukoo mwingine, titanosauria. Hao ndio wakubwa wa shingo ndefu wa zama za Kretasia, na mayai yao yalikuwa na ganda gumu. Mwaka 1997 Luis Chiappe, Rodolfo Coria na Lowell Dingus walikuta uwanja mzima wa mayai ya titanosauria huko Auca Mahuevo, Argentina, maelfu kwa maelfu, mengine yakiwa na viinitete vyenye alama za ngozi. Sasa tazama orodha ya Tanzania. Rukwatitan alitangazwa mwaka 2014. Shingopana akafuata mwaka 2017, na Mnyamawamtuka mwaka 2019. Huyu mifupa yake ilionekana mwaka 2004 kwenye ukuta wa mto Mtuka, na kuichimba kulichukua misimu kadhaa. Wote watatu ni titanosauria. Wote wametoka kwenye miamba ya mchanga ya bonde la Rukwa, kusini-magharibi, kwa kazi ya muda mrefu ya Patrick O'Connor, Eric Gorscak na wenzao Watanzania.

Rukwa nayo ni Bonde la Ufa. Ni mkono wa magharibi wa bonde lilelile. Tofauti ni kwamba huko mivunjiko ya ardhi imeinua na kuanika miamba ya Kretasia badala ya kuizika chini ya lava. Msomaji wa Nakuru anayedhani bonde lake limemnyima dinosaria alenge lawama zake kwa volkano, maana mpasuko wenyewe una uwezo wa kufunua kama ulivyo na uwezo wa kufunika.

Kenya ina mahali pake. Katika milima ya Lapurr, kaskazini-magharibi mwa Ziwa Turkana, kuna miamba ya mchanga iliyotangulia kuzaliwa kwa bonde. Camille Arambourg na Wolff waliandika juu ya mifupa ya dinosaria ya huko mwaka 1969, na katika miaka ya 2000 Joseph Sertich, O'Connor na Fredrick Manthi wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walirudi na kukusanya zaidi. Mwaka 2011 walitangaza pia mfupa wa mnyama arukaye wa ukoo wa pterosauria kutoka mwamba huo. Umri ni wa Kretasia ya mwisho, umri uleule wa mayai ya Auca Mahuevo. Ukiuliza ni wapi nchini Kenya mtu aweke fedha kidogo alizonazo kwa ajili ya kutafuta dinosaria mpya na mayai yake, jibu ni Lapurr, na hakuna mahali pa pili panapokaribia. Kwenye pwani, udongo wa Jurasiki wa Mombasa umejaa amoniti, ambao ni viumbe wa baharini. Ni hazina yenyewe, lakini dinosaria hawakutaga baharini.

Kazi ya mayai ina vifaa vyake, na si ghali kama watu wanavyodhani. Mtu huhitaji chekeche laini, maji, na subira ya kupepeta udongo ambao wachimbaji wa mifupa mikubwa huutupa. Ganda linalopatikana hukatwa jembamba hadi mwanga upite, kisha husomwa kwa hadubini: unene, matundu, mpangilio wa fuwele. Chuo kikuu chochote chenye idara ya jiolojia kina hadubini hiyo. Kinachogharimu ni kambi, maji na ulinzi katika nchi kavu kama Lapurr, na mishahara ya watu wa kutembea pale msimu baada ya msimu bila ahadi ya kupata kitu. Hapo ndipo miradi ya Afrika Mashariki hukatika. Wageni huja kwa ruzuku ya miaka mitatu au minne, ruzuku hukoma, na fundi aliyefunzwa hurudi kulima.

Olkaria nayo isiachwe nje ya hesabu hii. Haina dinosaria, lakini ni mfano hai wa mazingira ya Sanagasta. Watafiti wanaojaribu kuelewa yai linavyoishi karibu na mvuke wanahitaji mahali pa kupima joto la udongo kwa kina mbalimbali, asidi ya maji, na kasi ambayo silika hujijenga juu ya kitu kilichofukiwa. Takwimu nyingi za namna hiyo hukusanywa Olkaria kwa ajili ya umeme. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton, kule Njoro, akipewa ruhusa ya kufukia vipande vya ganda la yai la mbuni kwenye udongo wenye joto na kuvifukua baada ya miezi, atakuwa anajibu swali ambalo Argentina imelianzisha tu. Ni utafiti ambao Nakuru inaweza kuufanya kwa nauli ya matatu.

Kwa sasa, walio wengi kati ya watu wanaoweza kukutana na kisukuku katika eneo hili si wanasayansi. Ni wachungaji, wachimba mchanga, wavunja mawe, na vibarua wa barabara na reli. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inamtaka anayekuta kitu cha namna hiyo atoe taarifa, na inakataza kukitoa nchini bila kibali. Sheria haitoshi ikiwa aliyekikuta hajui aende wapi. Basi ijulikane: Hyrax Hill mjini Nakuru na Kariandusi karibu na Gilgil ni vituo vya Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na vyote viwili hupokea wageni. Ukiona mfupa uliogeuka jiwe, au ganda nene lililopinda lisilofanana na la kuku, usilibandue. Weka sarafu kando yake, piga picha, tia alama mahali, na upeleke habari huko.